Mlango wa Nyuma wa Meneja Pyo

Kitu cha kwanza ninachokikumbuka nikimtaja Meneja Pyo ni soksi zake. Alikuwa amevaa jozi tatu, moja juu ya nyingine, na ile ya juu kabisa ilikuwa ya sufu ya kijivu, imetoboka kisigino. Ilikuwa mwezi wa kumi na moja. Alisimama katikati ya sebule yake akitueleza, mimi na shangazi yangu, kwamba watu wa siku hizi wamesahau maana ya sakafu yenye joto. Kwetu mtu akiingia ndani huvua viatu, na wengi huvua soksi pia, kwa sababu nyayo ndizo zinazoijua nyumba kabla ya macho. Yeye alihubiri habari za joto huku nyayo zake amezifunga kama mwenye vidonda.

"Hivi Meneja," shangazi akamwuliza, "mbona soksi za wiki nzima umezivaa siku moja?"

"Ni za muda tu, Bi. Kwak. Kile chumba kikubwa bado kinakauka."

"Kinakauka. Na wewe unaganda."

Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyezoea kucheka katika vikao, kisha akaendelea kuhubiri.

Jina lake ni Pyo Sang-gyun, mtu wa miaka sitini na mitatu. Alifanya kazi miaka thelathini huko Suwon katika kampuni iliyotengeneza vitufe vya lifti, akastaafu akiwa meneja, na kwa desturi yetu cheo cha mwisho cha mtu humfuata hadi kaburini. Kwa hiyo tunamwita Meneja. Kijiji chetu kina nyumba arobaini katika milima ya Bonghwa, na hakuna hata moja yenye ghorofa ya pili. Meneja wa vitufe vya lifti hakuwa na la kututendea, lakini hilo halikumzuia kutufundisha.

Mkewe alibaki Suwon kulea mjukuu. Alikuja mara moja, akashika ukuta, akashika sakafu, akarudi kwa basi la jioni.

Nyumba aliyoinunua ilikuwa ya marehemu mjane mmoja, na ilikuwa nyumba njema. Chini ya sakafu ya saruji palilazwa mabomba ya maji moto, na kibandani nyuma ya jiko palikuwa na boila ya mafuta ya taa. Ukibonyeza kitufe ukutani, maji yanazunguka, na baada ya nusu saa unaweza kulala chini bila shuka. Mjane yule alitumia dramu tano za mafuta kwa majira ya baridi, pengine sita mwaka wa theluji nyingi, na katika hizo alioga, alipika supu ya kimchi, kabichi yake ya kuchachuka, na alikufa akiwa na miguu yenye joto. Nasema haya ili ieleweke kwamba Meneja Pyo hakurithi tatizo. Alilitengeneza mwenyewe, kwa nyundo.

Sababu yake ilikuwa mama yake.

Meneja ndiye mtoto wa kwanza wa kiume, ambaye kwa desturi yetu ndiye hukaa na wazazi. Mama yao, Bi. Eom Bun-rye, mwenye miaka themanini na tisa, amekaa miaka kumi na miwili Daegu, katika nyumba ya ghorofa ya mtoto wake wa mwisho, Sang-deok. Huko Suwon jambo hilo lilifichika nyuma ya kazi na msongamano wa magari. Kijijini kwetu halifichiki. Mtu akihamia, swali la kwanza ni anatoka wapi, na la pili ni wazazi wako wapi. Meneja alilijibu swali la pili mara arobaini, nyumba kwa nyumba, na kila aliyemsikia alisema "aa" kwa sauti ile ile.

Basi katika sikukuu ya mavuno, familia ilipokutana Daegu, mama alilalamika juu ya mgongo wake. Alisema sakafu ya ghorofani inachezea ngozi tu, haifiki mfupani. Alisema tangu aolewe hadi alipozikwa mumewe alilala juu ya araetmok, na mgongo wake haukuwahi kusema neno. Sang-deok, aliyekuwa amechoka kusikia habari za mgongo huo, akatamka kwa mzaha: "Kaka, wewe una nyumba ya kijijini. Mtengenezee Mama araetmok ya kweli, umchukue. Mimi sitakuzuia."

Siku mbili baadaye kijiji kizima kilijua. Meneja alitangaza kwamba mama yake atakula uji wa maharage mekundu nyumbani kwake, siku ile ambayo usiku ni mrefu kuliko siku zote za mwaka, na kwamba hataondoka tena.

Sasa, araetmok ni nini, mtoto wa miaka minne wa kwetu anajua. Zamani moto uliwashwa nje, katika mdomo wa jiko uliochimbwa chini ya ukuta. Moshi ulipita chini ya sakafu, kati ya mawe bapa, ukatokea upande wa pili kwenye dohani. Pale moto unapoingilia, sakafu huwa ya moto kuliko kwingine. Hapo ndipo araetmok. Hapo analala bibi, hapo anakalishwa mgeni wa heshima. Na sehemu hiyo huwa mbali na mlango. Karibu na mlango, penye upepo na viatu, anakaa mdogo kuliko wote. Nyumba inaweza kukosa vitanda, viti na meza, ikawa nyumba kamili. Ikikosa mpangilio huo, ni ghala.

Kijijini tuna Fundi Seok, mzee wa miaka sabini na nne, ambaye amepanga sakafu za mawe tangu ujanani na bado anaitwa mbali, kwenye mahekalu. Meneja alimwita, akamwandalia kahawa ya pakiti, akamwuliza bei.

"Chumba hiki kimoja?" Fundi Seok aligonga sakafu kwa kisigino. "Kuvunja saruji, mawe, udongo, dohani mpya. Milioni nane. Na siku hamsini za kukausha polepole."

"Milioni nane za won kwa kupanga mawe?"

"Kupanga ni bure. Unalipia kujua yapangwe wapi."

Meneja alimshukuru kwa heshima zote, akamsindikiza hadi barabarani, kisha akaenda mjini kusoma kozi ya siku tatu. Alirudi na cheti. Sisemi kwa kejeli tu: cheti kile kipo, kina fremu ya dhahabu, kimetundikwa sebuleni juu ya picha ya harusi, na ndani yake yumo Meneja mwenyewe na kofia ya ujenzi, amekunja uso kama anayejenga daraja. Mimi nimesoma miaka minne chuoni na cheti changu kimo ndani ya bahasha. Sijui nani kati yetu amefundishwa vibaya.

Alianza mwezi wa kumi. Alivunja saruji ya chumba kikubwa, akayakata mabomba. Kwa kuwa hakujua yapi yanakwenda wapi, alikata pia yale ya jikoni na bafuni. Tangu siku hiyo nyumba iliyokuwa na joto kote ikawa haina joto popote. Alinunua mawe, akagundua ni ya bustani, yanayopasuka motoni; akanunua mengine. Kila jioni alituma picha kwenye kundi la simu la kijiji, na chini ya kila picha aliandika: "Hekima ya mababu." Babu yake, kwa taarifa ya ndugu zake mwenyewe, aliuza viatu vya raba.

Kosa lenyewe alilifanya mchana kweupe, mbele ya watu. Mdomo wa jiko aliuchimba mbele ya nyumba, hatua mbili kutoka mlango wa chumba kikubwa. Alikuwa na sababu. Mbele ndiko kwenye ua, na mgeni anayeingia uani lazima auone moto kwanza, mwekundu, wa kupendeza, na apige picha. Siku hiyo Fundi Seok alikuwa anapita na trekta lake dogo. Akalisimamisha. Akatazama shimo, akatazama mlango, akatazama shimo tena.

"Una la kusema, Fundi?" Meneja akauliza, ameshika sepetu.

"Mimi? Sina. Wewe ndiye umehitimu."

Akaliwasha trekta akaenda zake. Shangazi, aliyekuwa anaanika pilipili juu ya ukuta wetu, aliona yote, akaingia ndani akicheka hadi akakaa chini. Nilimwuliza kwa nini hatumwambii. Akanijibu kwamba mtu aliyeyaita mabomba ya nyumba yake "maji ya uvuguvugu chini ya plastiki" anaweza kujifunza mwenyewe. Ni kweli, Meneja alisema hivyo, tena kwetu, amekaa juu ya plastiki kama hiyo iliyofunika sakafu yetu, bila soksi, anakula tikiti letu.

Mapema mwezi wa kumi na mbili alitualika kuzindua chumba. Tulikwenda na zawadi za desturi, karatasi za chooni na sabuni ya unga, ili mambo yake yafunguke kama karatasi na baraka zake zifure kama povu. Moto ulikuwa unawaka uani, na lazima nikiri ulikuwa mzuri. Tukavua viatu, tukaingia. Sakafu ilibandikwa karatasi nene iliyopakwa mafuta ya soya, inang'aa kama ngozi ya tunda. Mwisho wa chumba, mbali na mlango, palikuwa na pazia la kukunja lenye picha ya ndege korongo, na mbele yake mto wa hariri wa kukalia. Palikuwa mahali pa mama.

"Leo Mzee Bang atatuzindulia," Meneja akasema, akamshika mkono Mzee Bang, mwenye miaka themanini na minne, mkubwa kuliko wote kijijini. "Karibu Mzee, kaa hapa kwenye araetmok."

Mzee Bang akakaa. Sisi wengine tukajipanga kwa umri, na mwisho kabisa, pale mlangoni, akakaa binti mkwe wa Mzee Bang, aliyeolewa majira ya kuchipua, aliyekuja na mzigo wa karatasi za chooni.

Tulikunywa kikombe kimoja cha pombe ya mchele. Kisha niliona midomo ya Mzee Bang imeanza kuwa ya buluu. Wakati huo huo binti mkwe wake alikuwa anabadilisha kalio, mara la kulia, mara la kushoto, uso umemwiva.

"Mwanangu," Mzee Bang akamwita kutoka ncha ya pili, "una nini?"

"Hamna kitu, Baba."

"Mbona unahemahema?"

"Panaunguza kidogo, Baba."

Watu wote wakageuza vichwa. Rundo la karatasi za chooni lililowekwa pale mlangoni lilikuwa limeanza kugeuka rangi ya mkate, na harufu yake ikatufikia. Ndipo shangazi akasema kilichokuwa vinywani mwa wote.

"Meneja, hongera. Umemtengenezea araetmok mtu wa mwisho kuingia."

"Joto litafika huko, Bi. Kwak. Linasafiri."

"Linasafiri kwa miguu? Mzee wetu atakufa kabla halijafika!"

Mzee Bang alijaribu kuvumilia kwa ajili ya adabu. Alivumilia hadi supu ilipoletwa. Kisha akainuka, akashika bakuli lake, akavuka chumba kizima kwa hatua fupi, akaketi mlangoni kati ya viatu na karatasi zilizoungua, akafumba macho kwa raha. Mkwewe, kwa kuwa hawezi kukaa juu kuliko baba wa mume, alisogea. Kila aliyemzidi umri alisogea karibu na Mzee Bang, na aliye mdogo akasukumwa mbali, hadi ndani ya dakika chache kijiji kizima kilikuwa kimebanana mlangoni kama abiria wa meli inayozama, na yule binti mkwe amebaki peke yake kwenye mto wa hariri, chini ya korongo, anatetemeka kwa heshima asiyoitaka.

Meneja alisimama katikati na sinia mkononi. Jioni hiyo kundi la simu la kijiji halikupata picha.

Kesho yake alimfuata Fundi Seok na kumleta kwake. Nilikuwa uani kwetu na niliyasikia yote, kwa sababu Fundi Seok ni kiziwi wa sikio moja na hupiga kelele.

"Ng'oa!" alisema. "Ng'oa yote, mdomo wa jiko uhamie nyuma, dohani ije mbele. Milioni tisa sasa."

"Juzi ulisema nane."

"Juzi hapakuwa na kazi yako ya kubomoa."

"Na muda?"

"Siku hamsini. Udongo hausomi kalenda."

"Fundi wangu, zimebaki siku kumi na tisa. Mama anakuja siku ya uji."

"Basi aje mwakani."

"Mama ana miaka themanini na tisa, Fundi."

Fundi Seok alikohoa. Kisha nikasikia akiwasha sigara. Meneja alizunguka chumba chake mara mbili, nje na ndani, na nilipochungulia nilimwona amesimama nyuma ya nyumba, amepanua mikono ukutani kana kwamba anaupimia kanzu.

"Fundi," akasema, "na kama moto ukibaki pale pale, tukahamisha mlango?"

"Tukahamisha nini?"

"Mlango. Tuuzibe wa mbele. Tutoboe huku nyuma. Pale penye moto patakuwa mbali na mlango. Patakuwa araetmok."

Fundi Seok akaanza kucheka, kicheko cha mtu mwenye kifua kibovu, kikapanda na kushuka, kikaishia katika kukohoa.

"Miaka hamsini na mbili nafanya kazi hii," akasema. "Nimeona mtu anahamisha moto. Nimeona mtu anahamisha nyumba. Sijaona mtu anahamisha mlango kwa sababu ya sakafu."

"Inawezekana au haiwezekani?"

"Inawezekana. Ndiyo maana nacheka. Laki tisa na mlango wenyewe. Na ununue king'ora cha moshi wenye sumu, bila hicho sigusi ukuta. Sitaki mama wa mtu kichwani mwangu."

Ilibaki shida moja. Mlango wa nyuma ulikuwa utokee kwenye kilima cha mitungi ya mchuzi wa soya, na njia ya pekee ya kuufikia ilikatiza pembe ya shamba letu, kando ya zizi la ng'ombe wa shangazi. Bila hatua kumi na mbili za ardhi yetu, Bi. Eom angelazimika kupanda kilima hicho na kigari chake cha kusukuma, juu ya barafu.

Meneja alikuja jioni hiyo. Alileta chupa ya asali, akaketi juu ya plastiki yetu, akaiona miguu yake, akavua jozi zote tatu za soksi bila kuambiwa.

"Bi. Kwak, nina ombi."

"Nimelisikia. Fundi Seok amelisikilizisha bonde zima."

"Ni hatua kumi na mbili tu."

"Mama yako atapokelewa na makalio ya ng'ombe wangu, unajua?"

"Najua."

"Meneja mzima wa lifti."

"Najua, Bi. Kwak."

Shangazi aliendelea kumenya kitunguu saumu. Alikuwa anafurahi, na sikumlaumu. Miezi miwili mtu huyu alikuwa ametudharau katika nyumba zetu wenyewe. Alitazama mabomba yetu, boila zetu, vitufe vyetu ukutani kana kwamba sisi ni watu tuliouza kitu cha thamani, wakati sisi ndio tuliobeba kuni utotoni, na tuliolia machozi kwa moshi, na tulioshangilia siku mafuta yalipofika. Hekima ya mababu tunaijua. Ilitupasua mikono.

"Sema kwanza," shangazi akamwambia. "Sema, sakafu ya Bi. Kwak ina joto."

"Sakafu ya Bi. Kwak ina joto."

"Inafika mfupani."

Meneja aliutazama mlango. Nilidhani atainuka. Lakini aliweka viganja vyote viwili chini, akavibonyeza kama daktari, akakaa hivyo.

"Inafika mfupani," akasema polepole, na uso wake ulionyesha kwamba hakusema kwa kulazimishwa tu. Ilikuwa wiki ya sita hajalala mahali penye joto.

"Haya, pita. Lakini theluji unafagia wewe."

Usiku huo huo, akiwa bado kwetu, alimpigia mama yake, akaweka simu kwenye spika ili tuwe mashahidi.

"Mama, chumba kiko tayari."

"Araetmok iko wapi?" Sauti ilikuwa nyembamba lakini haikutetemeka.

"Mbali na mlango, Mama. Kama inavyotakiwa."

"Mdomo wa jiko?"

"Mbele, uani."

"Mbele? Kwa hiyo mlango uko wapi?"

"Nyuma, Mama."

Shangazi aliziba mdomo kwa kiganja.

"Nani anaweka mlango nyuma, Sang-gyun?"

"Ni... ni mtindo wa huku milimani, Mama."

"Mimi nimezaliwa milimani."

"Ndiyo, Mama."

"Unanidanganya tangu ulipovunja mtungi wa pilipili." Akavuta pumzi. "Nitakuja. Sifungi mizigo. Nalala usiku mmoja. Mgongo ukinyamaza, Sang-deok ataleta nguo zangu. Mgongo ukisema neno moja, asubuhi narudi Daegu, na usiniite tena huko kwenye nyumba yako ya kinyumenyume."

Simu ikakatika. Meneja alibaki ameishika. Mimi nilitaka kucheka na nikashindwa, jambo lililoniudhi, kwa kuwa mtu huyu hakustahili hata kidogo kuhurumiwa. Alikuwa ametumia karibu milioni kumi kuharibu kitu kilichokuwa kikifanya kazi, ili apate kwa shida kile ambacho kitufe kingempa kwa nusu saa. Lakini kitufe hakimleti mama. Hilo nalo lilikuwa kweli, na lilikaa pale katikati yetu pamoja na maganda ya vitunguu.

Fundi Seok alitoboa ukuta kwa siku nne. Mlango wa mbele ukazibwa kwa matofali, na mtu asiyejua akiingia uani huona moto mzuri unaowaka chini ya ukuta usio na mlango, kama nyumba iliyomfukuza mwenyewe. Watu walikuja kutazama kutoka vijiji viwili. Mtu wa posta alizunguka nyumba mara tatu na kifurushi mkononi, akamwachia ng'ombe wetu. Watoto waliokuja kwa bibi zao walifundishwa kubisha ukutani. Meneja aliyavumilia yote. Aliweka kibao chenye mshale. Shangazi aliongeza kwa kalamu, chini ya mshale: "Fuata harufu."

Siku mbili kabla ya siku ya uji aliwasha moto na hakuuacha uzimike. Alilala mwenyewe kwenye araetmok ili kuijaribu, akaamka na alama nyekundu mgongoni, akaongeza udongo na karatasi nyingine pale palipozidi, akalala tena. Asubuhi alikuja kwetu kumwonyesha shangazi mgongo, akainua shati.

"Umeiva vizuri," shangazi akamwambia. "Upande mmoja bado."

Siku yenyewe theluji ilianza alfajiri. Meneja alifagia hatua zake kumi na mbili, na alipofika mwisho za mwanzo zilikuwa zimefunikwa, akarudi kuanza upya. Alimwaga majivu ili kigari kisiteleze. Ndani alitandika godoro jembamba na blanketi la pamba mbele ya korongo, ambaye sasa alikuwa amehamishiwa upande wa moto. Kisha akafanya kitu ambacho sikukitarajia kwa mtu wa vyeti. Alijaza wali katika bakuli la shaba lenye kifuniko, akalifunga kwa kitambaa, akalisukuma chini ya blanketi, pale sakafu ilipokuwa ya moto zaidi. Hivyo ndivyo mama zetu walivyomtunzia chakula mtu aliyechelewa njiani, awe mume, mwana, au askari. Hakulipiga picha.

Saa nane Sang-deok alipiga simu kutoka kituo cha kupumzikia cha barabara kuu.

"Kaka, Mama amekula keki za jozi pakiti nzima. Anauliza kuni ni za mti gani."

"Mwaloni! Mwambie mwaloni!"

"Anasema mwaloni mkavu au mbichi?"

"Mkavu, mwaka mzima!"

"Anasema tutaona."

Saa tisa walikuwa wamelipita lango la wilaya. Saa tisa na nusu walikuwa chini ya mlima, nyuma ya gari la kumwaga chumvi, wanakwenda kwa mwendo wa ng'ombe. Fundi Seok alikuja, eti kuangalia king'ora, akakaa kwenye ngazi na hakuonyesha dalili ya kuondoka. Mzee Bang aliletwa na mkwewe, naye akadai amepotea njia akitafuta mlango. Shangazi alibeba sufuria ya uji wa maharage mekundu kwa mikono miwili, akaiweka juu ya ukuta wetu, mvuke ukapanda katikati ya theluji. Alimsukuma ng'ombe wake akageuka, kichwa kikaelekea njiani.

"Ili aanze na uso," akaniambia, kama anayejitetea.

Meneja alikuwa amesimama kwenye kona ya zizi na ufagio. Simu ililia tena. Aliisikiliza, kisha akaiteremsha.

"Wamefika wapi?" shangazi akapaza sauti.

"Darajani."

"Daraja lipi, la chini au la juu?"

"La juu. Mama amesema gari lisimame. Anataka kuona moshi wetu unatokaje."

Sote tukainua macho kwenye dohani. Moshi ulikuwa mweupe na mwembamba, ukipanda wima katika theluji. Fundi Seok aliutazama akiwa amefinya jicho moja.

"Usiongeze kuni," akasema kwa sauti ya chini. "Wala usipunguze."

Chini kule, nyuma ya misonobari, injini ya gari ikawashwa tena, ikaanza kupanda kuelekea kwetu.